Koki Iliyotazama Mlangoni

Jumatatu asubuhi nilikuta koki ya sinki letu la kunawia imetazama mlangoni tena. Koki za watu hutazama katikati ya sinki, maji yakashuka yakaenda zake. Yetu ilikuwa imegeuza pua upande wa kulia, inamwangalia anayeingia bafuni, na ukiifungua maji nusu yanaingia sinkini, nusu yanakulowesha miguu.

Nilipiga kelele. Mimi ni mtu wa kelele, sifichi. Mume wangu Mbwana husema nikiguna jikoni, Yombo Vituka nzima inajua chumvi imezidi.

"Nani kaigeuza hii koki?" niliuliza. "Nauliza tena, nani?"

Binti yetu Munira alikuwa chumbani anavaa sare za shule. "Mama, sio mie. Kila kitu mie tu."

"Kama sio wewe ni nani? Jini?"

"Muulize baba. Baba anafunguaga koki kama anapakia mzigo."

Kweli Mbwana anapakia mizigo uwanja wa ndege, na mikono yake haijui kushika kitu taratibu. Lakini yeye alimaliza chai yake kwa utulivu, akasema labda koki imechoka, maana hata binadamu huchoka, akaondoka kwenda kazini. Hivyo ndivyo alivyo. Ukimtafutia ugomvi utarudi nao mwenyewe.

Niliirudisha katikati kwa mkono. Ilikubali bila ubishi, na huo ndio ubaya wenyewe: koki inayogeuka kwa mkono imelegea chini, na ikilegea chini maji hupenya kwenye shina lake, yakapita nyuma ya sinki mpaka sakafuni. Nilikuwa nimeshaikaza mara kadhaa. Mafundi nimewaacha siku nyingi, maana fundi wa huku akikwambia "nipo njiani dada" ujue bado amelala. Kwa hiyo nalala chini mwenyewe na spana, nakaza mpaka jasho, na siku chache baadaye inatazama mlangoni. Haikuwahi kutazama ukutani hata mara moja. Ningekuwa na akili ya kutosha ningejiuliza kwa nini inageukia upande uleule, lakini nilikuwa na sambusa za kukunja. Nasambaza sambusa madukani, na sambusa hazisubiri mtu afikiri.

Nilimshuku kila mtu ndani ya nyumba ile isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa mama mkwe wangu, Bi Mwantumu.

Bi Mwantumu alikuwa mpishi wa shughuli. Kuanzia Tandika mpaka Mtoni, ukila pilau ya harusi ukajilamba vidole, ujue ni yake. Mkono wake wa kulia uligeuza masufuria ambayo mimi ningeweza kuoga ndani yake. Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, akiwa anachambua mchele, kiharusi kikampiga. Kilichukua ulimi, kikachukua mkono wa kulia, na mguu kikauacha nusu. Daktari alisema mguu utarudi kiasi, ulimi tumwachie Mungu, mkono tusiutegemee. Basi tukauzoea mkono ulivyo. Ulilala pajani kwake, umefunikwa kwa ncha ya khanga, kama mzigo wa jirani alioachiwa amshikie.

Kwetu sisi kupoteza mkono wa kulia si jambo dogo. Wa kushoto una kazi zake, kila mtu anazijua, na mtu aliyelelewa haupeleki mdomoni. Mama alikataa katakata kula kwa kushoto. Mkono huo aliuacha ushike mkongojo, basi. Nikawa namlisha mimi, tonge baada ya tonge, na mlango tunaufunga kwa sababu hakutaka hata mjukuu wake aone. Mwanamke aliyelisha Temeke nzima alifungua kinywa mbele yangu huku akitazama pembeni. Kila siku jambo hilo liliniuma upya.

Kutawadha pia nilimtawadhisha mimi, amekaa kitandani, beseni miguuni, mimi na jagi. Isipokuwa alfajiri. Alfajiri nilimkuta ameshakaa juu ya mswala, uso una maji, mkono wa gauni umelowa. Nikajua Mbwana ameamka kabla yangu akamtawadhisha mama yake, na nikampenda zaidi kwa hilo. Kumbe Mbwana naye alijua ni mimi. Kila mmoja akamshukuru mwenzake kimoyomoyo, na hakuna aliyeuliza, maana kumuuliza mwenzio "ni wewe uliyemtawadhisha mama?" ni kama kumpimia wema wake kwa kibaba. Adabu zetu zikatufanya wajinga wa hiari.

Jumanne mama aliteleza.

Nilisikia ndoo ikibingirika bafuni. Nilikimbia na unga mikononi, nikamkuta amekaa sakafuni, mgongo umeegemea ukuta, maji yametapakaa chini kutoka kwenye ile koki. Hakuvunjika popote, tunamshukuru Mungu. Nilimwinua, nikambadilisha nguo, nikamkanda nyonga kwa maji ya moto, na muda wote huo nilikuwa nafoka. Niliifokea koki, nikaifokea sakafu, nikamfokea aliyeigeuza popote alipo. Mama alinitazama kwa macho yake makubwa, kisha akayashusha.

Jioni alikuja Mwinjuma. Mwinjuma ndiye mwanawe mkubwa, kaka yake Mbwana, anauza vifaa vya ujenzi na amejenga Segerea nyumba ambayo ukiingia unatamani kuvua viatu na soksi. Anampenda mama yake kupita kiasi, na mapenzi yake siku zote huja na amri.

"Shikamoo shemeji," nilimwamkia.

"Marahaba. Yuko wapi?"

Alikaa kitandani kwa mama, akamshika begani, akamkagua kama mtu anayekagua kioo kilichodondoka. Kisha akatuambia mimi na Mbwana, "Jumapili namchukua. Nimeshaongea na binti mmoja amesomea kuuguza, atakaa naye kutwa. Atamwogesha kitandani, atamtawadhisha kitandani, kila kitu kitandani. Bafuni hakanyagi tena."

Mama alitikisa kichwa. Alikitikisa sana, na koo lake likatoa ule mlio wake, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani.

"Unamuona?" Mwinjuma alisema, macho yamemlowa. "Anaona aibu kutusumbua. Mama, sie ni wanao. Sio usumbufu."

Mama akatikisa tena. Mwinjuma akambusu kwenye paji la uso. Kwetu mgeni akikaribishwa chakula husema hapana kwanza, ndiyo inakuja baadaye, na mwanawe aliisikia hapana ile kwa masikio hayohayo. Mbwana alinyamaza, kwa sababu mdogo hapingani na mkubwa mbele ya mama. Mimi ndiye niliyesema.

"Shemeji, tatizo ni koki. Nitaitengeneza kabla ya Jumapili, na sakafu itakuwa kavu."

"Sio ishu ya koki, shemeji," alinijibu kwa upole. "Ishu ni kwamba mama hawezi tena."

Mama aligeuza uso ukutani. Nililiona hilo na sikulisahau usiku kucha.

Alhamisi nilikwenda dukani kwa Bupe. Bupe ni Mnyakyusa, shoga yangu wa siku nyingi, ana duka la vifaa vya bomba karibu na stendi ya bodaboda, na ulimi wake hauna tofauti na wangu.

"Mama Munira! Umekuja kununua spana malaya nyingine?" aliuliza kwa sauti ili wateja wote wacheke. Ndivyo watu wanavyoiita spana ile inayobana nati ya saizi yoyote.

"Nipe washa ya mpira ya koki ya sinki, nene. Na tepu nyeupe ya mafundi."

"Hiyo koki mnaipigaga au? Mwezi huu umekuja mara ngapi?"

"Nikimjua anayeigeuza nitakuletea umuone."

"Wewe mfunge kwa khanga, umlete," alisema Bupe, akanipimia.

Nilirudi nyumbani. Munira alikuwa shule, Mbwana kazini, mama nilimwacha amekaa kitandani na tasbihi yake. Nilifunga maji kwenye mita nje, nikatandika gunia chini ya sinki, nikajilaza chali. Huko chini ni dunia nyingine. Kuna buibui, kuna kutu, kuna mswaki uliopotea tangu tuhamie. Pale juu koki inang'aa, na huku chini unaona jinsi ilivyo kitu kidogo: shina la chuma limepita kwenye tundu la sinki, na nati moja tu imelishikilia. Nati ile ikiwa imara, koki yote imara. Ikiyumba, hata ungekuwa na koki ya mfalme, itayumba nayo.

Nilifungua mpira wa kuleta maji, nikaitoa nati, nikavua washa ya zamani iliyokuwa imesagika upande mmoja, nikavika mpya. Kisha nikairudisha nati kwa vidole, nikaanza kuizungusha taratibu, nikiwa bado sijachukua spana.

Nikasikia ndara zinaburuzwa. Mkongojo, ndara, mkongojo, ndara. Mlango wa bafu ukasukumwa, na miguu ya mama ikasimama karibu na kichwa changu.

"Mama, nisubiri kidogo, natoka," nilisema. "Unataka choo?"

Hakuondoka. Aliegemeza mkongojo ukutani, nao ukateleza ukaangukia miguuni kwangu. Nikaona vidole vya mkono wake wa kushoto vikishika ukingo wa sinki. Nilivitazama kutoka chini, vimejikunja pale, kucha zimekatwa vizuri kwa sababu nilizikata mwenyewe.

Halafu nati ikazunguka kiganjani mwangu.

Sikuizungusha mimi. Ilisogea yenyewe, kidogo sana, ikatulia. Nilidhani imeteleza. Nikaibana zaidi. Ikazunguka tena, na safari hii nilihisi kitu kinavuta juu yangu, kinapita kwenye chuma, kinaingia kwenye vidole vyangu. Kilivuta, kikaachia, kikavuta. Hakikuwa na papara. Kilikuwa kinavuta kama mtu anayejua alichokuja kufanya.

Nilivitazama tena vile vidole vya kushoto. Vilikuwa palepale kwenye ukingo. Havijasogea.

Jamani, nywele zilinisimama. Nilitazama mkono ule wa kushoto, nikahisi ule mwingine kiganjani mwangu. Nilisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo ambayo hata mimi sikuijua kama ninayo.

Nilijivuta polepole kutoka chini, nikapiga magoti, nikainua macho. Mama alikuwa amefumba macho. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya koki. Vidole vinne vilikuwa vimejikunja kwenye mkono wa koki, na sijui alivifikishaje pale. Alikuwa akivuta kwa bega, kwa mgongo, kwa nyonga ileile aliyoangukia, akijipinda kuelekea mlangoni, kulia, upande ambao koki hufunguka. Jasho lilimshuka shingoni. Midomo yake ilikuwa inacheza. Na pembeni, kikiwa peke yake, hakijasaidiwa na bega wala mgongo, kidole gumba cha mkono ule kilisogea. Kilisogea, kikagusa chuma, kikakaa.

Ndipo mambo yote yaliponiingia kwa mara moja. Uso wenye maji alfajiri. Gauni lililolowa. Koki inayotazama mlangoni na kamwe haitazami ukutani. Mkono ule ambao daktari alisema tusiutegemee, na sisi tukautii usemi wake kuliko daktari mwenyewe, ulikuwa unaamka kabla yetu wote kila siku unakwenda kazini. Maana udhu huanza na mkono wa kulia, na mama hakutaka kuuanza na mwingine. Alikuwa anauvuta mkono wake kurudi duniani, na kwa kuwa nati ilikuwa imelegea, nguvu zake nyingi zilikuwa zinaishia kuigeuza koki kabla maji hayajatoka. Miezi yote ile. Mimi nilikuwa natafuta mharibifu, nikimfokea.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, watu husema. Mimi mshindo huo niliusikia kwa kiganja.

"Mama," nilimwita.

Alifumbua macho. Alinitazama nilivyopiga magoti pale na kutu usoni, na nadhani alitaka kucheka. Kisha akaunyanyua mkono wa kushoto kutoka kwenye ukingo, akaweka kidole midomoni.

"Nisiseme?"

Akatikisa kichwa: nisiseme.

"Hata kwa Mbwana?"

Alinikazia macho yale aliyokuwa akiwakazia wasaidizi wake jikoni. Hakuwahi kumruhusu mtu afunue sufuria kabla halijaiva. Bibi harusi mwenyewe akija kuchungulia alifukuzwa. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba hakutaka kupigiwa makofi kama mtoto anayesimama dede. Alitaka apakue kilichoiva.

"Haya," nilisema. "Sasa sikiliza mama. Nitarudi chini niishike nati kwa spana. Nikikwambia vuta, uvute. Sawa?"

Nilirudi chini ya sinki. Tulifanya kazi ile pamoja, yeye juu, mimi chini. Alivuta, mimi nikakaza kinyume chake. Kila alipovuta, nilipata kujua nati imebakiza kiasi gani, na nikaongeza. Hakuna fundi aliyewahi kunipimia vile. Alichoka, akapumzika, akavuta tena, nami nikakaza mpaka aliposhindwa kabisa kuisogeza, na hapo nikajua hakuna mtu mwingine duniani atakayeisogeza. Nilitoka chini nikaiona koki imetazama katikati ya sinki, imenyooka. Nilikwenda nje nikafungua maji kwenye mita. Njiani nilipishana na jirani akanisalimia, nikampita kama simuoni. Niliposimama tena mlangoni mwa bafu, mama alivuta. Koki haikugeuka. Mkono wa koki ndio uliosogea, kidogo, halafu zaidi, na maji yakaja.

Alitawadha mbele yangu. Alianza na mkono ule wa kulia, akauweka chini ya maji, akauacha pale muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama na spana mkononi nalia bila aibu. Nimewahi kuona mambo mengi yanayosemwa ni makubwa. Nimeona ndege za ghorofa zikipita juu ya paa letu, nimeona daraja linawashwa taa watu wakapiga vigelegele. Sijaona kitu kikubwa kama maji yale membamba yakipita kwenye vidole vile.

Siri hainikai. Wanaonijua wanajua. Alhamisi jioni nilijiuma ulimi Mbwana aliporudi, na Ijumaa nilikwenda kulala mapema ili nisiongee. Ijumaa hiyohiyo niliingiwa na hofu, kwa sababu mkono uligoma. Mama alivuta asubuhi, ukakataa. Alivuta mchana, vidole vikachomoka kimoja kimoja vikaning'inia. Alirudi kitandani akaufunika kwa khanga. Jumamosi ulikubali mara moja, baada ya yeye kuhangaika mpaka miguu ikamtetemeka. Nilitaka kumwambia, mama, niache nimpigie simu Mwinjuma nimweleze, lakini ningemweleza nini? Kwamba mkono wa mama upo, ila leo haupo? Angesema shemeji amechoka akili, na angekuja siku hiyohiyo.

Jumapili alikuja na gari lake kubwa. Nilikuwa nimeshafunga mzigo wa mama kwa sababu aliniagiza kwa simu niufunge, na siwezi kumkaidi mkubwa wa nyumba kwa sababu ya neno nililokatazwa kulisema. Nilipika pilau. Nilikunja uso wakati wote wa kuipika, na Munira akanikwepa.

Mama alikaa kwenye mkeka sebuleni, amevaa gauni lake la kijani. Mbwana alikaa karibu naye, anachezea ncha ya mkeka. Nilipoleta sinia, Mwinjuma akavua saa yake akasema, "Tule upesi tutoke kabla ya foleni," akainuka kwenda kunawa.

Mama naye akainuka.

"Kaa mama, nitakuletea maji," alisema Mwinjuma. Mama hakukaa. Alikamata mkongojo, akamfuata kwenye kiujia, mkongojo, ndara, mkongojo, ndara, na mimi nikamfuata mama, na Mbwana akanifuata mimi bila kujua anafuata nini. Tulijaa mlangoni mwa bafu. Mwinjuma alikuwa ameshasimama mbele ya sinki ananyoosha mkono kwenye koki. Mama akaugonga mkono ule kwa kifundo cha mkongojo. Halikuwa pigo la kuumiza. Lilikuwa lile la mpishi kwa mtu anayedokoa.

"Mama?" alisema Mwinjuma. Akanitazama mimi. "Anataka nini?"

Mama alinipa mkongojo. Kwa mkono wa kushoto aliukamata wa kulia kwenye kifundo, akautoa chini ya khanga, akaunyanyua, akauweka juu ya koki. Vidole vilikaa pale kama vya mtu aliyelala. Akashika ukingo wa sinki, akafumba macho, akavuta.

Hakuna kilichotokea.

Akavuta tena. Kidole kimoja kikachomoka, cha pili kikafuata.

"Mama, acha jamani, utaanguka," Mwinjuma alisema, sauti imepasuka. "Shemeji, kwa nini unamwacha—"

"Nyamaza, shemeji," nilimwambia.

Sijawahi kumwambia hivyo mtu aliyemzidi mume wangu umri. Mbwana aligeuka kunitazama. Lakini Mwinjuma alinyamaza, na katika ukimya ule tukasikia pumzi ya mama. Alivirudisha vidole mahali pake kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, bila haraka, kama anayepanga vijiko. Nilimwomba Mungu kwa kila jina ninalolijua. Nilijua kilichomo ndani ya mkono ule, nilishakishika, na nilijua pia kwamba juzi hakikuja.

Akavuta kwa bega. Akavuta kwa mgongo. Kisha, mwisho kabisa, kidole gumba kikajongea chenyewe kikaibana koki, na maji yakaja.

Mbwana alisema, "La ilaha illallah," akashika ukuta.

Mama hakunawa. Alimkamata Mwinjuma mkono wake wa kulia, akauvuta mpaka chini ya maji, mkono mkubwa wenye pete, mkono wa mtu mwenye ndevu nyeupe na wafanyakazi. Kisha akauachia wa kwake kutoka kwenye koki ukaangukia juu ya wa mwanawe, na akaanza kumnawisha. Vidole vyake viliburuzwa juu ya vya mwanawe. Vilikuwa vizito, vilikosea njia, lakini vilipita katikati ya kidole na kidole, na kwenye kucha, na kwenye kifundo, hakuacha mahali. Mwinjuma aliinamisha kichwa mpaka kikakaribia bega la mama. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Maji yalitoka mengi kuliko yanayohitajika kunawia mtu mmoja. Mimi ambaye huwafokea watu kwa tone moja, sikusema kitu.

Alipomaliza, mama aliisukuma koki kwa upande wa kiganja ikafunga, akanyoosha mkono wa kushoto nimpe mkongojo wake. Mwinjuma alibaki amesimama, mikono inachuruzika, ametazama sakafu ambayo ilikuwa kavu.

"Mama," alisema, "nilikuja kukuchukua." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Basi nimekuja kula."

Mama akatangulia kurudi mkekani, nasi tukampisha njia.